UZI: Sauti ya Lupita – ninyi mnaoigiza setbuku (vitabu vya mtihani) Kisumu na Western, njooni mkae hapa

NyarDunga (mwenye uzi)

Habari zenu ndugu zangu wa Kisumu, Kakamega, Busia, Nakuru na popote mlipo. Uzi ni mrefu nawaambia mapema, mwenye bando kidogo asome polepole.

Jumamosi iliyopita nilikuwa pale Mama Grace Onyango Social Centre na vijana ninaowafunza kuigiza, wako kumi na mmoja, wengi wa Nyalenda na Manyatta. Nikamuuliza kila mmoja anataka kufika wapi na hii kazi. Wasichana watatu wakajibu jina moja, Lupita Nyong'o, yule mwigizaji. Nikafurahi, nikasema haya niambieni mnajua nini juu yake. Gauni la bluu la Oscar. Ngozi. Wakanda ya Black Panther. Babake ni gavana. Halafu kimya. Hakuna aliyetaja kazi yenyewe, yaani yule mama anafanya nini na mwili wake na koo lake mpaka mtu analia kwa sinema. Nimekaa na hiyo kitu rohoni siku nne sasa, ndio nimeamua niandike yote ninayoyajua mahali pamoja, niwatumie linki wasome.

Tuanze mwanzo. Alizaliwa Mexico City tarehe 1 Machi 1983, babake Prof. Anyang' Nyong'o alikuwa anafundisha kule, ndio jina Lupita likatoka, kule ni ufupisho wa Guadalupe. Akalelewa Kenya. Akiwa na miaka 14 aliigiza Juliet na Phoenix Players pale Nairobi. Miaka 14! Juliet si mtu wa kuingia na sinia ya chai na kutoka, ni mistari mingi ya Kiingereza cha zamani, na jukwaani hakuna maiki ya kukubeba, ni kifua chako na yule mtu wa kiti cha mwisho.

Baada ya hapo watu huruka moja kwa moja mpaka Oscar, na katikati ndio kuna somo. Filamu ya The Constant Gardener ilipokuja kupigwa Kenya, ile iliyotoka 2005, Lupita alikuwa kwa ile kazi lakini si mbele ya kamera, alikuwa kwa timu ya uzalishaji, watu wa kutumwa huku na kule. 2009 akaonekana kwa Shuga, ile tamthilia ya TV. Mwaka huohuo akatoa dokumentari yake mwenyewe, In My Genes, kuhusu watu wenye ualbino hapa Kenya, ameiandika, ameiongoza, ameihariri. Kisha akaenda chuo cha Yale kule Amerika kusomea uigizaji, na akiwa pale kukawa na mchezo unaitwa Eclipsed wa Danai Gurira. Mnajua alipewa nafasi gani? Sabu. Mtu wa benchi. Unakariri mistari yote ya mwenzako, unajua anaposimama na anapogeukia, na kila jioni unakaa nyuma ya pazia umejiandaa, mwenzako akiwa mzima wa afya basi huitwi.

Nimewaona vijana wangu wakinuna nikiwapa usabu. Mmoja aliacha kabisa kuja. Ndio maana naandika.

Naendelea chini, wacha nimtoe mtoto bafuni.

---

kondele_boy

Dada NyarDunga heshima kwako, mimi nakufuata sana hapa. Lakini tuseme ukweli, babake ni profesa, alikuwa waziri, akawa seneta, sasa gavana. Mtoto wa Kondele mwenye kipaji kama hicho leo anauza simu pale stendi ya mabasi. Usiwaambie hao watoto kwamba ni bidii tu.

---

Mwalimu wa Fasihi

Umesema vyema madam. Mimi ni mwalimu, nafundisha Kiswahili huku Vihiga na ndiye nashika klabu ya drama. Niongeze kitu kimoja kwa faida ya wazazi. Huu mtaala mpya umeweka njia tatu kwa senior skul, na moja ni Sanaa na Michezo. Kwa hivyo mtoto akikwambia anataka uigizaji si upuzi tena wa Ijumaa baada ya vipindi, ni njia ya masomo kama ile ya sayansi. Shida ni kwamba wazazi wengi wakisikia sanaa wanafikiri mtoto amefeli. Wiki jana tu nimekaa na baba mmoja ofisini saa nzima, ananiambia mwalimu, huyu mtoto ana B ya hesabu, mbona unataka kumharibu.

---

NyarDunga

@kondele_boy omera umesema kweli na sitakubishia. Pesa na elimu nyumbani vilimfungulia mlango, Hampshire College na Yale alikosoma si karo ya kulipa kwa kuuza omena hapa Dunga. Mtoto wa Kondele anastahili kuambiwa hivyo wazi. Lakini pia aambiwe hii: tangu 2021 ile shule ya uigizaji ya Yale haitozi karo tena, mtu mmoja tajiri, David Geffen, aliipa dola milioni 150 na tangu hapo anayekubaliwa anasoma bila kulipa ada ya masomo. Kuingia ni kugumu sana, wanachukua wachache mno, na wanaangalia unachofanya ukisimama mbele yao. Hapo hakuna anayejua gavana wa Kisumu ni nani.

Na kingine bro, jina la baba halikukaririi mistari. Ukisimama stejini umesahau, umesahau.

Sasa turudi. 2012 anamaliza Yale, na kabla hata hajashika cheti anapata nafasi ya Patsey kwa 12 Years a Slave ya Steve McQueen. Filamu ndefu ya kwanza maishani mwake. Tarehe 2 Machi 2014, kesho yake baada ya kufikisha miaka 31, anapewa Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike, Mkenya wa kwanza kuishika hiyo tuzo ya uigizaji. Huku kwetu ilikuwa Jumatatu asubuhi. Nakumbuka nilikuwa kwa matatu ya Kisumu-Ahero naenda shoo, dereva akaongeza redio, mama mmoja mwenye kuku kwa kikapu akauliza ni nini, kondakta akamwambia mama, nyathi (mtoto) wa Seme ameshinda huko Amerika. Gari nzima ikapiga makofi. Yule mama hakujua Oscar ni nini lakini alipiga vigelegele hadi kuku wakaanza kelele.

Hiyo siku ndio wote tunaikumbuka. Mimi nataka mkumbuke alichofanya na ile nafasi baadaye. Mtu ana Oscar, kila mtu anamtaka, angechukua filamu tatu kwa mwaka. Yeye 2015 akarudi kwa Eclipsed, mchezo uleule aliokuwa sabu, safari hii yeye ndiye Msichana, kwa ukumbi mdogo wa Public Theater New York. Ni hadithi ya wanawake wa Liberia wakati wa vita, wameshikwa na kamanda wa waasi, hawaitwi hata majina, wanaitwa mke nambari moja, nambari tatu. Mapema 2016 mchezo ukaenda Broadway, zile kumbi kubwa za maigizo za New York, mwandishi mwanamke mweusi, dairekta Liesl Tommy mwanamke mweusi, waigizaji wote watano wanawake weusi, haikuwa imewahi kutokea Broadway. Akapata uteuzi wa Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani. Na Broadway kawaida ni shoo nane kwa wiki, jamani, nane, kwa sauti ileile moja Mungu aliyokupa.

---

mama_twins_Kakamega

Mimi sijui mambo ya Broadway dada yangu lakini watoto wangu wanajua Roz wa ile katuni Wild Robot kuliko wanavyonijua mimi 😀 Tumeiona mara sijui ngapi. Siku moja nikawaambia huyo roboti ni Lupita, binti ya watu wa Kisumu, wakakataa katakata. Mdogo akaniuliza, mama, kwani roboti anatoka Kisumu? Nikamwambia ndiyo 😀 Sasa wakipita Kisumu wanaangalia dirishani.

Swali langu, kwani sauti tu ni kazi? Anakaa tu chini anasoma?

---

NyarDunga

Mama twins asante, hilo swali ndilo moyo wa uzi.

Angalia orodha yake ya kazi za sauti. 2015 alikuwa Maz Kanata kwa Star Wars, uso wake hauonekani hata kidogo. 2016 alikuwa Raksha, yule mama mbwamwitu wa Jungle Book. Na 2024 ndio Roz. Uso haupo, ngozi haipo, gauni hakuna, na bado mtoto wa Kakamega analia. Ameshinda Annie kwa ile sauti ya Roz, hizo ni tuzo za watu wa katuni wenyewe.

Sikilizeni Roz vizuri mkirudia. Mwanzoni anaongea kama ile sauti ya simu inayokwambia bonyeza moja, bonyeza mbili, tamu tamu, haina mtu ndani, sentensi zote zinapanda mahali pamoja. Halafu taratibu, akianza kumlea yule bata bukini mdogo, sauti inashuka kifuani. Haibadiliki kwa siku moja. Ukiwa makini utasikia anaanza kupumua kabla ya neno, mwanzoni hakuwa anapumua kwa sababu roboti hapumui. Hiyo ni akili ya jukwaa imeingizwa studio. Na studio uko peke yako kwa kijumba, hakuna bata, hakuna msitu, kuna karatasi na maiki na mtu nyuma ya kioo anakwambia rudia.

Na ile kazi ilimuumiza. Alisema mwenyewe kwamba alipata kinyama kwa nyuzi za sauti ikabidi apumzishe sauti kabisa. Mshindi wa Oscar, aliyesoma Yale, aliyefundishwa na walimu wa sauti, na bado koo lilichoka. Sasa wewe unayepiga kelele ukumbi wa skuli bila maiki, mara tatu kwa siku, na soda baridi katikati, unafikiri koo lako limetengenezwa na chuma?

---

NakuruSautiTamu

Hapa umenigusa siz. Mimi ni wa Nakuru, nafanya sauti, matangazo ya redio na zile telenovela za kutafsiriwa kwa Kiswahili nikipata. Studio yangu ni kabati la nguo, naingia na blanketi mbili, moja nyuma moja juu ya kichwa, na maiki niliyonunua mkono wa pili. Narekodi saa nane usiku kwa sababu mchana bodaboda hazinyamazi na jirani ana jogoo hajui saa. Stima ikipotea kazi imekwisha.

Niwaambie kitu watu hawajui. Kwa telenovela unamtafsiria mtu ambaye mdomo wake unaenda kwa Kihispania, Kiswahili ni kirefu, "te amo" inaisha haraka, "nakupenda" bado iko njiani. Kwa hivyo unaiba pumzi. Unaanza kabla hajafungua mdomo vizuri na unamezea silabi ya mwisho. Na kulia ndio kibarua, unalia mara kumi kwa kilio kimoja mpaka kilingane na mabega yake. Nikimaliza kipindi kimoja sauti yangu inasikika kama ya mzee.

Kwa hivyo mtu akiniambia nasoma tu karatasi huwa naumia, naumia kweli.

---

Omwami wa Bungoma

Mimi ni shabiki wa zamani wa redio na TV, wacha niseme juu ya sauti. Mnamkumbuka Mzee Ojwang wa Vitimbi? Benson Wanjau, Mungu amlaze pema, alituacha 2015. Mkikuyu yule. Lakini Kiswahili chake cha Kijaluo kilikuwa safi hivi kwamba huku kwetu watu waliapa ni wa Siaya. Sauti ilimfanyia kazi kabla hajavaa ile kofia. Na Mama Kayai pembeni akimjibu, ulikuwa unaweza kuangalia Vitimbi umefumba macho na usipoteze kitu. Kwa hivyo hii sanaa ya sauti anayoisema dada si ya Amerika pekee, tulikuwa nayo sebuleni, na "Je, Huu ni Ungwana" kwa KBC watu walikuwa wanaacha sufuria jikoni.

---

NyarDunga

Mzee wa Bungoma umenitoa machozi. Na umenipa njia ya kuingia kwa jambo la lafudhi.

Lupita amesimulia kwamba alipofika Yale aliamua kuiacha lafudhi yake ya Kenya akajifunza kuongea kama Mmarekani, kwa sababu alitaka kazi. Hata nyumbani. Baada ya 12 Years a Slave akaamua anairudisha, na ikawa ngumu, maana ukishaiacha haikungojei mlangoni. 2024 akaanzisha podikasti yake Mind Your Own ya hadithi za Waafrika, na hapo unamsikia anaongea kama msichana aliyesoma Nairobi na nyumbani ni Seme. Nawaambia vijana wangu hili kila wiki kwa sababu kuna mmoja, fundi kabisa, akisimama stejini anaanza kuongea kama mtangazaji wa runinga ya nje. Namwambia nyaminwa, unamwigiza Sara wa Bembea ya Maisha, mama mgonjwa wa kijijini, huyo Sara wako amesomea wapi hiyo "r"?

Na sasa sikieni hii, ndio niliyokuwa nimeiweka akiba. Agosti 2025 ule ukumbi wa wazi wa Delacorte, katikati ya Central Park New York, ulifunguliwa tena baada ya ukarabati. Mchezo wa kufungulia ulikuwa Twelfth Night ya Shakespeare, tiketi za bure. Dairekta Saheem Ali, mzaliwa wa Nairobi. Lupita ndiye Viola, na pacha wake Sebastian ni mdogo wake wa damu, Junior Nyong'o. Hawa pacha kwa hadithi wametupwa na bahari ufukwe wa nchi ya kigeni, hawajui kama mwenzake yuko hai. Na wakaamua kwamba hawa watu wawili wakiongea lugha ya kwao wanaongea KISWAHILI. Wamarekani wamekaa kwa viti vyao wanasikia Kiswahili kinatoka kwa Viola.

Niliona vipande kwa simu nikiwa soko la Kibuye nangoja fundi amalize zipu ya kostyumu. Nikarudia mara nne. Wanapotambuana mwishoni, kaka na dada wa kweli, si wa kuigiza, nilishindwa kuongea, fundi akaniuliza mama kuna msiba? Nikamwambia hapana, ni mchezo.

---

kondele_boy

Hii ya Kiswahili sikuwa najua 😳 Nimetafuta nimeona. Sawa dada hapo nimeinua mikono. Lakini bado nitakuuliza, wewe mwenyewe umetoka wapi mpaka unajua haya ya koo?

---

NyarDunga

Nimetoka kwa setbuku bro.

Wale wasiojua: kuna makundi ya waigizaji yanazunguka skuli za sekondari kuigiza vitabu vya mtihani ili watoto wa Form Four waelewe. Hiyo ndio ajira ya waigizaji wengi nje ya Nairobi, watu wasidharau. Kigogo ilinilisha mimi na mtoto wangu miaka yote ilipokuwa kwa mtihani. Unaamka saa kumi, mnajazana kwa nisani na kapeti na pazia na meza ya plastiki, asubuhi mko Maseno, mchana mko Luanda, jioni Mumias. Shoo tatu. Ukumbi ni daining holi, mabati juu, watoto mia sita wengine wamesimama kwa madirisha, maiki haipo ama iko na inapiga mluzi. Unapiga kelele kwa sababu unaona watoto wa nyuma wanaanza kuongea.

Kulikuwa na kampuni moja, sitaitaja, niliifanyia kazi termu mbili. Shoo tatu kwa siku, siku tano, 1,500 kwa siku, na pesa ilikuwa inakuja baada ya wiki sita ama isije. Termu ya pili sauti ikaanza kukwaruza. Nikamwambia mwenye kampuni naomba wiki moja. Akanijibu kuna wasichana kumi wanangoja nafasi yako. Nikakunywa asali na tangawizi nikaendelea. Siku moja kwa skuli fulani nikafungua mdomo kusema mstari wangu wa kwanza, hakukutoka kitu. Hewa tu. Nakumbuka mtoto mmoja wa mbele, ana sweta ya kijani imetoboka kiwiko, alikuwa ameinama mbele anangoja niseme. Akangoja. Mwenzangu akarukia mstari wangu akaokoa shoo.

Daktari wa masikio, pua na koo akaniambia nina vinundu kwa nyuzi za sauti, vya kusugulika. Akanikataza kuongea wiki tatu. Na akaniambia kitu ambacho hakuna dairekta alikuwa ameniambia kwa miaka saba, kwamba hata kunong'ona ni vibaya, unapokuwa umeumia koo kunong'ona kunalikaza, ni afadhali uandike. Nilitembea Kisumu na daftari. Watu wa sokoni walidhani nimekuwa bubu, mama wa nyanya akaanza kuniongezea mbili za bure.

Kwa hivyo niliposikia Lupita pia alinyamazishwa na kazi ya Roz, nilijua hiyo kimya ikoje.

---

Mwalimu wa Fasihi

Pole sana madam. Na mimi niungame, nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wangu "paza sauti! paza sauti!" miaka yote hii. Kwa tamasha la drama ndio maneno yetu. Tafadhali tuelekeze, tunafanya nini badala ya kupiga kelele?

---

NyarDunga

Mwalimu usijilaumu, wote tulilelewa na "paza sauti".

Ninachofanya na wangu sasa: kila mmoja anakuja na chupa ya maji iliyojaa nusu na mrija. Mrija unaingia kwa maji kidogo, urefu wa vidole viwili, unavuma "uuu" kupitia mrija mpaka maji yachemke mapovu, unapanda na sauti na kushuka, dakika tano. Wale wapya hucheka. Lakini ile pumzi inayorudi nyuma inazipa nyuzi za sauti nafasi ya kufanya kazi bila kugongana. Baadaye ndio wanaongea mistari, na mistari nawaambia waifikishe kwa herufi, si kwa kelele. Maliza neno. Mtoto wa nyuma hakusikii kwa sababu umemeza mwisho wa neno, si kwa sababu uko chini. Na sentensi ndefu ukiikata mahali pa pumzi ukumbi mzima unakufuata.

Ya pili, sauti za ajabu, za mzee, za jini, za mgonjwa, fanya kidogo kidogo na uulize unamwigiza nani. Lupita kwa ile filamu Us ya 2019 alikuwa watu wawili, na yule wa pili, Red, alimpa sauti ya kukwama aliyoichukua kwa ugonjwa wa kweli wa sauti, unaitwa spasmodic dysphonia. Wenye huo ugonjwa waliumia kuona wanafanywa kitisho, na yeye akatoka akaomba msamaha hadharani. Namheshimu kwa hiyo. Sisi huku tunawaigiza wenye kigugumizi kila siku ili watu wacheke, na kwa zile daining holi yuko mtoto mwenye kigugumizi amekaa hapo katikati.

Na ya tatu, kunyamaza pia ni kuigiza. A Quiet Place: Day One, 2024, ni filamu ambayo ukitoa sauti unakufa. Mtu wa sauti ananyimwa sauti. Anabaki na macho, na paka. Na paka alikuwa anawaogopa kabisa kabla ya hiyo kazi, sasa amemchukua mmoja anaishi naye.

---

NakuruSautiTamu

Hiyo ya kunyamaza imenikumbusha Aprili 2025 hapa kwetu Nakuru kwa tamasha la drama la taifa, wasichana wa Butere. Mchezo wao ulikuwa umeondolewa kwa tamasha, mahakama ikasema waruhusiwe, wakafika, wakasimama pale bila dairekta wao na bila hadhira, wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka. Hawakusema mstari hata mmoja. Kenya nzima ilisikia.

---

Akinyi_hapahapa

Dada mimi ni yule uliyenipa usabu. Niliacha kuja. Mtu amenitumia hii linki. Naweza kurudi?

---

NyarDunga

Akinyi nyaminwa rudi. Mistari ya Sara bado unayo kichwani?

---

Akinyi_hapahapa

Yote. Na ya Neema pia.

---

NyarDunga

Wadau, nimerudi baada ya wiki mbili, wengi mmeniuliza inbox.

Jumanne tulikuwa na shoo skuli moja upande wa Ahero. Saa kumi na moja asubuhi Sara wangu akanipigia, malaria. Nikampigia Akinyi. Aliokota simu kabla haijalia mara mbili, ni kama alikuwa ameishika mkononi.

Shoo ilianza sawa. Katikati, pale Sara amelemewa na ugonjwa anaongea na mumewe Yona, mvua ikaanza. Mnajua mvua ya Ahero na mabati. Haikusikika kitu, na watoto mia nne wakaanza kelele juu ya mvua. Nilikuwa pembeni nyuma ya pazia nimeshika kiti, nikajua sasa atapiga yowe kama nilivyokuwa nafanya mimi. Hakupiga. Alingoja. Akatembea taratibu, mkono kifuani, mpaka ukingo wa stej, akakaa chini pale ukingoni kabisa karibu na watoto wa mbele, na akaanza tena ule mstari chini, polepole, kila neno na mwisho wake. Wa mbele wakanyamaza ili wasikie. Wa nyuma yao wakawanyamazisha wa nyuma yao. Mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi, unga bado unadondoka, akasimama mlangoni mpaka ile sehemu ikaisha.

Kwa nisani tukirudi hakuongea njia nzima, alikuwa anavuma kwa mrija ndani ya chupa, watu wa mbele wakidhani ni injini.

Jumamosi saa tatu asubuhi tuko palepale, anayetaka kuja aje na chupa na mrija. @kondele_boy, yule kijana wa kuuza simu stendi, mlete.